Kabla Fundi Hajajaza Gesi Kwenye Chumba Chako cha Mvinyo

Hapa Dodoma zabibu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na kila msimu ukipita simu zinazoniingia hubadilika. Watu hawaniulizi tena ukungu wa majani. Wananiuliza, "Bwana shamba, chumba cha mvinyo hakipoi, fundi anasema gesi imeisha, nimlipe?" Vijana wengi siku hizi hawauzi zabibu zote mbichi, wanakamua na kuhifadhi wenyewe. Kwa hiyo leo tuache mizabibu, tuongee friji.

Gesi ya kupoozea haiishi kama petroli ya bodaboda. Inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka na miaka. Ikipungua, kuna mahali inavuja. Fundi anayeongeza gesi bila kutafuta tundu amekuuzia gesi itakayotoka tena, na safari ijayo utalipia gesi na mvinyo ulioharibika.

Tundu linatafutwa kwa kujaza naitrojeni kavu, kwa presha isiyozidi ile iliyoandikwa kwenye mashine, kisha kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Ukiona jamaa ameleta mtungi wa oksijeni wa kuchomelea, msimamishe hapo hapo. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka. Tundu likizibwa, abadilishe na kichujio cha kukausha unyevu, maana kile cha zamani kimeshavuta hewa ya nje.

Sasa tufike kwenye hatua inayorukwa kuliko zote: kuvuta hewa. Mfumo ukifunguliwa unaingia hewa na unyevu. Hewa haigeuki kuwa kimiminika kama gesi inavyofanya. Inakaa kwenye kondensa, presha inapanda, kompresa inachemka na uniti za LUKU zinakimbia. Unyevu ni mbaya zaidi. Unaganda kwenye tundu jembamba la kupunguzia presha, na ukichanganyika na oili unazaa asidi inayokula nyaya za ndani ya kompresa. Hapo hutengenezi tena, unanunua nyingine.

Maji yaliyojificha ndani ya bomba huwezi kuyafuta kwa kitambaa. Unayachemsha kwa kupunguza presha. Presha ikishuka hadi kama milimita 24 za zebaki, maji yanachemka kwa nyuzi 25 tu, bila moto, na pampu inavuta mvuke wake. Lengo ni kushuka zaidi ya hapo sana, hadi mikroni 500, yaani nusu milimita ya zebaki. Kupuliza gesi kidogo ili "ifukuze hewa" hakufikishi huko. Kompresa ya friji kuukuu iliyogeuzwa pampu nayo usiitegemee. Inatakiwa pampu ya vakyumu yenye oili safi. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa imejaa maji, ibadilishwe.

Wa Dodoma sikilizeni hapa. Sisi tuko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi. Geji ya kawaida ambayo pwani mshale wake unakaribia inchi 30 za vakyumu, huku kwetu unagota kwenye 26 hivi. Fundi aliyezoea Dar anaweza kudhani pampu imekufa, na mwingine akiona mshale umegota anasema kazi imeisha. Wote wawili hawana kipimo. Mikroni 500 na mikroni 5,000 kwenye mshale ule huwezi kuzitofautisha. Muulize fundi kabla hajaja: una mita ya mikroni? Kama hana, tafuta mwingine.

Ikifika 500, afunge valvu, azime pampu, msubiri dakika 15. Namba ikipanda kidogo na kutulia, ni sawa. Ikipanda hadi elfu moja na kitu kisha ikasimama, bado kuna unyevu, avute tena. Ikipanda bila kusimama, tundu lipo. Wala usikubali hadithi ya "nimevuta nusu saa, inatosha". Saa haipimi unyevu.

Kujaza ni kwa mzani. Kiasi kimeandikwa kwenye kibandiko cha mashine, kwa gramu au kilo, pamoja na aina ya gesi. Usichanganye aina. R404A ni mchanganyiko, kwa hiyo inatoka kwenye mtungi ikiwa kimiminika. Ikitoka kama mvuke, uwiano wake unaharibika. Kimiminika kinaingizwa upande wa presha kubwa kompresa ikiwa imezimwa. Kilichobaki kinamaliziwa taratibu upande wa kuvuta, kompresa ikifanya kazi, kwa kubana valvu, maana kimiminika kikiingia kwa wingi kinavunja valvu za kompresa.

Makabati madogo ya mvinyo mengi yanatumia R600a. Hiyo inawaka moto kama gesi ya kupikia, na ujazo wake ni gramu chache tu. Madirisha wazi, hakuna sigara, hakuna kuchomelea gesi ikiwa ndani.

Akimaliza, aandike kwenye mashine tarehe, aina ya gesi na gramu alizoweka. Acha chumba kifanye kazi kitupu usiku mzima, upime asubuhi. Kikishika nyuzi 12 hadi 14 bila kuyumba, rudisha chupa zako.