Saa 50 za Kwanza za Trekta Mpya

Katika kaunti za Migori na Homa Bay wakulima wengi wamelima kwa plau ya ng'ombe tangu siku za babu zao. Sasa wako pia wanaolima kwa matrekta madogo, ambayo ni mali ya thamani kubwa. Mara nyingi mtu hununua trekta kwa mkopo, akitumaini kuulipa kwa ujira wa kuwalimia majirani. Basi trekta ikiharibika wakati mvua za mwezi wa Machi zimekaribia, hasara haimpati mwenyewe peke yake. Hata jirani aliyekuwa akingoja zamu yake huchelewa kupanda.

Yafaa kila mwenye trekta mpya ajue ya kuwa saa 50 za kwanza za kazi zina uzito mkubwa katika maisha ya mtambo huo. Saa hizo huhesabiwa kwa mita iliyo mbele ya dereva, ambayo huonyesha muda ambao injini imefanya kazi.

Sababu ni hii. Ndani ya injini mna pistoni zinazopanda na kushuka katika silinda, na kila pistoni imevikwa ringi za chuma. Trekta itokapo kiwandani, ringi hizo na kuta za silinda hazijakaana sawasawa. Zinaposuguana, chembe ndogo sana za chuma hutoka na kuingia katika mafuta ya injini. Ndiyo maana matrekta mengi ya namna hii huagizwa yabadilishwe mafuta ya injini pamoja na chujio lake baada ya saa 50 za kwanza, ijapokuwa mabadilisho yafuatayo huja baada ya muda mrefu zaidi. Gea nazo hutoa chembe kama hizo, na chujio la mafuta yake huwa na saa zake za kubadilishwa. Hesabu hutofautiana kwa kila aina ya trekta. Kwa hiyo kitabu cha mtengenezaji ndicho cha kufuatwa. Mtu ayaachaye mafuta ya kwanza kwa kuwa bado yanaonekana mazuri, huiacha injini yake ijisage kwa unga wa chuma.

Mkulima anayemfundisha maksai mchanga hamtii katika udongo mgumu siku ya kwanza. Humfunga pamoja na maksai mzoefu, akamvutisha mzigo mwepesi. Trekta nayo ianze kwa kazi ya wastani, kama vile kuvuta tela lisilojaa, au kulainisha kwa haro shamba lililokwisha kulimwa. Mwendo wa injini ubadilishwe mara kwa mara. Haifai kuilemea injini mpya, wala haifai kuiacha ikinguruma muda mrefu bila kazi, kwa maana ringi hazipati kukaa mahali pake. Asubuhi dakika chache za kuipasha moto zatosha, ndipo ianze kazi.

Jambo hili lahitaji uangalifu hasa katika udongo mweusi, kama ule wa bonde la Lambwe. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka ukapasuka nyufa. Mvua ikinyesha sana, hunata kwenye plau na magurudumu. Trekta mpya ikilazimishwa kuulima katika hali hizo, mwendo wa injini hupungua na joto huzidi. Ni heri kungoja unyevu wa kadiri, kutumia gea ya chini, na kulima kina kifupi kwanza. Vivyo hivyo mkulima wa Awendo, penye kiwanda cha sukari, asiivutishe trekta yake tela lililojaa miwa kabla saa hizo hazijatimia.

Tena, vitu vipya hulegea. Nati za magurudumu hazina budi kukazwa baada ya saa chache za kwanza, kisha zikaguliwe kila siku katika juma la kwanza. Mkanda wa feni nao hunyooka ukalegea, na ukilegea injini haipoi ipasavyo.

Kazi za kila siku ni chache. Kabla ya kuwasha injini, dereva apime mafuta ya injini na maji ya rejeta, akitia grisi mahali palipoagizwa. Rejeta isifunguliwe ikiwa moto, kwa kuwa maji huruka na kumchoma mtu. Makapi na mbegu za nyasi ziondolewe mbele ya rejeta. Chujio la hewa litazamwe mara nyingi wakati wa vumbi, kwa sababu vumbi likipenya ndani hula silinda. Dizeli iwekwe katika vyombo safi, na maji yatolewe katika chujio lake. Tangi lijazwe jioni, ili umande usifanyike ndani yake usiku.

Trekta ikifanya kazi saa 8 kwa siku, saa 50 hutimia siku ya saba. Huenda siku hiyo ikawa katikati ya msimu, na majirani wamekwisha kufika na fedha mkononi. Hapo ndipo wengi hujiambia kwamba watabadilisha mafuta shamba likiisha, na baada ya shamba hilo huja jingine. Kwa hiyo mafuta na chujio vinunuliwe siku ile ile trekta inunuliwapo, vikae nyumbani tayari. Saa za kila kazi ziandikwe katika daftari, na majirani waelezwe mapema siku ambayo trekta haitatoka. Kusimama nusu siku kwa ajili ya mafuta si hasara. Kusimama msimu mzima kwa ajili ya injini iliyokufa ni hasara, na mkopo hausimami pamoja nayo.