Nguzo za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani

Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika kwamba mji umejengwa kwa miti. Msikiti Mkuu wampinga. Sehemu yake ya kaskazini, iliyo kongwe, ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, nayo ilikwisha kuwapo tangu karne ya 11 au ya 12. Sultani al-Hasan bin Sulaiman, mwenyeji wa msafiri huyo, ndiye aliyeongeza upande wa kusini wenye kuba. Nguzo zake za kwanza zilichongwa kila moja katika jiwe zima; paa likaanguka. Nguzo za pembe nane zisimamazo sasa, zilizoungwa kwa mawe na chokaa, ni za karne ya 15. Yamkini msafiri alisema juu ya nyumba za watu tu.