Plazma baridi na saratani ya kongosho: Matumaini yasitengane na ukweli

 

Hivi karibuni baada ya sala ya Ijumaa tulifuatwa na vijana wawili, ndugu wa baba mmoja. Baba yao amegundulika kuwa na saratani ya kongosho, nayo imekwishafika kwenye ini. Madaktari wamewaeleza kuwa upasuaji hauwezekani tena. Kijana mdogo alikuwa amesoma katika simu yake habari za tiba iitwayo plazma baridi, na mtu mmoja alikuwa amewaahidi kuwapatia tiba hiyo nje ya nchi kwa malipo makubwa. Walitaka kuuza nyumba ya baba yao, wakatuuliza iwapo sheria inawaruhusu.

Tulipowauliza baba mwenyewe anasemaje, waliinamisha vichwa. Baba hajaambiwa ugonjwa wake. Anaamini kuwa ana vidonda vya tumbo.

Kwa idhini yao tumeona tulieleze suala hili hapa, kwani tunaamini kuwa si familia hiyo peke yake iliyo katika njia panda ya namna hii.

UGONJWA WENYEWE

Kongosho ni kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo. Kazi yake ni kutoa maji yanayosaga chakula na kutengeneza insulini inayorekebisha sukari mwilini. Kwa kuwa kimejificha, uvimbe wake hukua kimya kimya. Mgonjwa huja kushtuka anapopungua uzito, macho yanapogeuka manjano, maumivu ya tumbo yanapopenya hadi mgongoni, au kisukari kinapomjia ghafla ukubwani. Wengi hugundulika wakati ambapo kisu cha daktari hakina la kufanya.

Kwa makadirio ya kimataifa, mwaka 2022 watu zaidi ya 500,000 duniani waligundulika kuwa na saratani hii, na zaidi ya 460,000 walifariki kwayo. Hata Marekani, penye hospitali za kila aina, katika kila wagonjwa 100 ni takriban 13 tu wanaofikisha miaka mitano baada ya kugundulika. Ndiyo sababu wanasayansi wanahangaika kutafuta njia nyingine, na ndiyo sababu pia familia zenye mgonjwa huwa tayari kuamini lolote.

PLAZMA BARIDI NI KITU GANI?

Plazma tunayoizungumzia si ile sehemu ya damu inayojulikana kwa jina hilo. Ni hali ya nne ya maada, baada ya yabisi, kimiminika na gesi. Gesi ikipata nguvu nyingi, elektroni hubanduka kutoka kwenye atomi zake, na gesi hiyo ikawa yenye chaji za umeme. Mwanasayansi wa Marekani, Irving Langmuir, ndiye aliyeipa jina la plazma mwaka 1928. Jua ni plazma, na umeme wa radi ni plazma. Katika Suratur-Raad, aya ya 12, Allah (S.W) anatukumbusha kuwa Yeye ndiye anayetuonyesha umeme huo, ukatutia hofu na ukatupa tamaa. Hofu na tamaa ndizo hasa zilizokuwa zimewashika vijana wale.

Plazma ya radi huunguza. Wataalamu wamegundua namna ya kupitisha umeme katika gesi kama agoni au heliamu, kwa kipimo ambacho elektroni peke yake ndizo zinazopata moto huku gesi yenyewe ikibaki na joto linalokaribiana na la mwili. Hutoka mwali mwembamba unaoweza kugusa ngozi bila kuichoma. Mwali huo ukikutana na hewa na majimaji huzalisha kemikali kali za oksijeni na naitrojeni. Seli za saratani kwa kawaida huwa zimekwishaelemewa na kemikali za aina hiyo kuliko seli nzima, hivyo kuongezewa kidogo kunaweza kuzifikisha mahali pa kufa zenyewe.

UTAFITI UMEFIKA WAPI?

Hili si jambo la kubuni. Mwaka 2013 kifaa cha plazma baridi kilichobuniwa katika mji wa Greifswald, Ujerumani, kilipata idhini ya Ulaya kutumika kwenye vidonda na maradhi ya ngozi. Mwaka 2012 watafiti wa mji huohuo walionyesha kuwa plazma huua seli za saratani ya kongosho katika maabara na katika uvimbe uliooteshwa kwenye utando wa mayai ya kuku. Mwaka huohuo, wenzao wa Orléans, Ufaransa, waliijaribu kwa panya waliopandikizwa saratani hiyo, na uvimbe ulipungua zaidi plazma ilipotumiwa pamoja na dawa ya gemcitabine. Mwaka 2017 zilitangazwa habari za majimaji yaliyopitishiwa plazma, ambayo nayo yalipunguza uvimbe kwa panya.

Kwa upande wa binadamu, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mwaka 2019 jaribio la awamu ya kwanza. Wagonjwa 20 wenye uvimbe wa saratani za aina mbalimbali zilizokomaa walipigwa plazma mahali palipoondolewa uvimbe wakati wa upasuaji. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023. Awamu ya kwanza hutazama hasa iwapo tiba ni salama. Swali la kuponya huachiwa awamu zinazofuata.

Msomaji azingatie tofauti hii. Mwali wa plazma hupenya kina kidogo sana cha nyama, na kongosho liko ndani kabisa, tena uvimbe wake huzungukwa na tishu ngumu. Panya si binadamu, na yai la kuku si tumbo la mzee. Mwaka 2011 madaktari wa Ufaransa walitangaza mchanganyiko wa dawa uliojaribiwa kwa wagonjwa 342 ambao saratani yao ya kongosho ilikuwa imeenea. Muda wa kati wa wagonjwa kuishi ulipanda kutoka takriban miezi 7 hadi 11. Huo ulihesabiwa kuwa ushindi mkubwa, na hakuna aliyeuita muujiza. Basi anayedai leo kuwa anaponya saratani hii kwa plazma, na anataka alipwe kwanza, anauza kitu ambacho wenye elimu yake hawajakipata.

SHERIA INASEMAJE?

Imepokewa katika Sahih Bukhari kuwa Mtume (S.A.W) alieleza kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia ponyo. Kwa hiyo mtafiti anayekesha maabara Greifswald au Orléans anatafuta jambo ambalo Muislamu anaamini kuwa lipo. Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali, na kukata tamaa si sifa ya muumini. Lakini Mtume (S.A.W) huyohuyo, kwa mapokezi ya Abu Daud, amemtwisha dhamana mtu anayejifanya tabibu ilhali hajulikani kwa utabibu.

Kuhusu nyumba, jibu letu lilikuwa fupi. Nyumba ni mali ya baba, naye yu hai na ana akili timamu. Watoto si warithi mpaka mzazi afariki. Leo hawana hata tofali moja la kuuza pasipo idhini yake. Na watamwombaje idhini bila kumwambia anaumwa nini? Hapo ndipo vijana wale walipoona kuwa maswali yao mawili yalikuwa swali moja.

Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilisisitiza ridhaa ya mgonjwa mwenye akili timamu katika matibabu. Kwa utafiti wa kitabibu lilitaka ridhaa kamili, isiyo na shuruti wala kishawishi cha fedha, na utafiti wenyewe usiwe wa kudhuru. Mtu aliyefichwa ugonjwa wake hawezi kuridhia chochote.

Tunafahamu kuwa watoto huficha kwa mapenzi. Lakini mzee huyu ana madeni anayoyajua yeye, ana amana za watu, ana wasia wa kuandika, na pengine ana mtu wa kumwomba radhi. Tumkumbuke Saad bin Abi Waqqas (R.A). Aliugua Makka mpaka akadhani anakufa, akamweleza Mtume (S.A.W) khofu yake waziwazi, na akaelekezwa kuwa wasia usizidi theluthi ya mali ili warithi wasiachwe mafukara. Kisha Allah akamwinua, akaishi miaka mingi na kuongoza majeshi. Kuzungumza juu ya kifo hakukumuua.

LA KUFANYA

Tuliwashauri wamwombe daktari awe pamoja nao, wamweleze baba yao kwa upole na kwa kadiri anavyotaka kujua. Waulize kuhusu dawa za saratani zilizothibitishwa, na kuhusu tiba shufaa inayotuliza maumivu, kwani kumpunguzia mgonjwa mateso nako ni tiba. Wakisikia utafiti wowote, daktari wao auchunguze: umeidhinishwa na nani, uko awamu gani, na kwa nini mgonjwa anadaiwa fedha. Sadaka, dua na kisomo viendelee.

Kijana mkubwa alirudi kwetu baadaye. Alituambia kuwa baba yao alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo, kisha akasema alikuwa amekwishahisi siku nyingi ila aliogopa kuwatisha wao. Nyumba, alisema, abaki nayo mama yao. Akaomba kalamu.

Tunamwomba Allah (S.W) amponye mzee wetu huyo na wagonjwa wote wa Kiislamu, awafungulie watafiti mlango wa dawa ya maradhi haya, na awape familia zao subira na ukweli. Amin.

Wallahu aalam. Wabillahi Tawfiq.