Saratani ya kibofu: Kwa nini ngazi ya ugonjwa hubadilika baada ya upasuaji

Na Mwandishi Wetu

KUKOJOA damu si habari ngeni kwa wakazi wa Kibaha na Kisarawe, kwani kichocho cha mkojo ni ugonjwa wa muda mrefu katika ukanda wa Pwani. Wengi huishia kumeza dawa. Hata hivyo, kichocho kilichokaa miaka mingi huweza kuzaa saratani ya kibofu, na mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilimtaja mdudu wake kuwa kisababishi.

Mgonjwa anayetoka Hospitali ya Tumbi au Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe na kupelekwa Muhimbili au Ocean Road, hupimwa kwanza uvimbe umezama kiasi gani. Ukiwa juu juu, hukwanguliwa kupitia njia ya mkojo. Ukiingia kwenye msuli, ambayo ni ngazi ya pili, kibofu huondolewa au mgonjwa hupewa mionzi. Ngazi ya tatu ni kufika kwenye mafuta ya nje. Ya nne ni kuvamia viungo jirani kama tezi dume au mji wa mimba.

Ngazi hiyo, kusema kweli, ni makisio. Tafiti za nje zinaonyesha kuwa takriban wagonjwa 4 kati ya 10 hukutwa na ugonjwa mkubwa kuliko uliodhaniwa, pale kibofu kilichoondolewa kinapochunguzwa maabara. Kipimo cha CT-Scan hutazama ukubwa wa matezi, hivyo tezi ndogo yenye saratani huonekana nzima. Aidha, hakitofautishi vizuri saratani na uvimbe ulioachwa na ukwanguaji. Kwa watu wa Pwani kuna kikwazo kingine: kichocho chenyewe hufanya ukuta wa kibofu kuwa mnene na mgumu, hata bila saratani.

MRI inayofanywa kabla ya kukwangua huona msuli vizuri zaidi, na tangu mwaka 2018 upo utaratibu wa kimataifa wa kuisoma kwa alama 1 hadi 5. Lakini gharama yake si ya kila mkulima wa bonde la Ruvu.

Lililo rahisi zaidi ni kuuliza iwapo kinyama kilichopelekwa maabara kilikuwa na msuli ndani yake. Kama hakikuwa nao, mara nyingi ukwanguaji hurudiwa kabla ya uamuzi wa kuondoa kibofu.