Je, Wajua? Kitanda cha Maji: Tiba Iliyogeuka Kichekesho

Mtu akikuambia kwamba kila usiku analala juu ya maji, utadhani ni baharia au ni mwongo. Mmarekani wa miaka ya 1970 na 1980 asingeshangaa. Huenda hata yeye alikuwa na kitanda cha maji chumbani: mfuko mpana wa plastiki nzito ya vinili, umejazwa maji na kuwekwa ndani ya fremu ya mbao. Kifaa hicho kilianza kama tiba, kikawa fahari ya vijana, kisha kikaishia kuwa mzaha wa filamu. Watunzi wa vichekesho hawakulazimika kukiongezea chumvi. Vituko vyote vilikuwemo ndani ya godoro tayari, vikisubiri mtu akae.

Daktari ndiye aliyeanza

Je, wajua kwamba kitanda cha maji kilibuniwa kwa ajili ya wagonjwa? Mwaka 1832 Neil Arnott, daktari Mskoti aliyekuwa akifanya kazi London, alikuwa na mgonjwa aliyetoka vidonda kwa kulala muda mrefu. Arnott alikuwa bingwa wa fizikia pia, na aliijua sababu. Godoro la kawaida hubana nyonga, mgongo na visigino; pale palipobanwa damu haipiti vizuri, na mwishowe nyama hufa. Maji, kwa upande wake, huukumbatia mwili wote na kugawa uzito wake sawasawa.

Akachukua sanduku lenye kina, akalijaza maji, akatandika juu yake kitambaa kilichopakwa mpira, kisha godoro jembamba. Mgonjwa akaelea bila kulowa. Arnott hakuchukua hataza, yaani hati inayompa mbunifu haki ya pekee ya kuuza alichobuni. Aliyetaka kuiga, ruksa.

Alifuata kitanda, akapata posa

Je, wajua kwamba kitanda hiki kimo katika riwaya mashuhuri ya Kiingereza ya karne ya 19? Katika *North and South* ya Elizabeth Gaskell, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1854, binti aitwaye Margaret Hale ana mama mgonjwa sana. Daktari anashauri kitanda cha maji, na Margaret anakwenda kukiazima kwa familia ya Thornton, wenye kiwanda cha pamba. Anafika siku ambayo wafanyakazi waliogoma wamelizingira lango. Anajitokeza kumkinga mwenye kiwanda kwa mwili wake, jiwe linampata kichwani, na baada ya kisa hicho Bwana Thornton anakuja kumposa.

Hakuna aliyecheka humo. Chini ya mgonjwa, kitanda cha maji kilikuwa kitu cha heshima.

Kiti kilichommeza mkaaji

Je, wajua kwamba kitanda cha maji cha kisasa kilianza kama kiti? Mwaka 1968 Charles Hall, mwanafunzi wa ubunifu katika chuo cha San Francisco State, alitaka kutengeneza kiti chenye starehe kuliko vyote. Alikijaza uji wa wanga wa mahindi, karibu kilo 140. Kiti kikawa kizito hakisogezeki, na aliyekikalia alizama polepole mpaka akahitaji kuvutwa. Hall akajaribu jeli ile inayoliwa na watoto, nayo ikamshinda. Ndipo akageukia maji, akaacha kiti, akatengeneza kitanda.

Siku ya kuonyesha kazi zao, wanafunzi wenzake waliziacha kazi nyingine wakaenda kujirusha juu ya kitanda chake. Alikipa jina la kuvutia wateja, Pleasure Pit, shimo la raha. Tarehe 15 Juni 1971 alipewa hataza ya Marekani nambari 3,585,356. Maelezo ya hati hiyo yana uzito wa kiserikali: chombo cha kimiminika cha kubeba miili ya binadamu.

Hata hivyo waigaji walikuwa wengi. Hall alikaa miaka mingi akidai haki yake, na ilikuwa mwaka 1991 ndipo mahakama ilipompa ushindi wa mamilioni ya dola dhidi ya mmoja wa walioiga.

Mwandishi alitangulia

Je, wajua kwamba miaka mingi kabla ya Hall, kitanda hiki kilikwisha kuelezwa katika hadithi za kubuni za sayansi? Mmarekani Robert Heinlein alistaafishwa katika jeshi la majini mwaka 1934 kwa sababu ya kifua kikuu. Akiwa mgonjwa wa kulala, alikuwa na saa nyingi za kufikiria ni kitanda gani kingemfaa. Mawazo hayo yaliingia katika riwaya yake *Beyond This Horizon* ya mwaka 1942, na tena katika *Stranger in a Strange Land* ya mwaka 1961. Katika hiyo ya pili, kijana aliyelelewa kwenye sayari ya Mirihi analetwa duniani, anaelemewa na uzito wake mwenyewe, na hospitali inamlaza juu ya maji. Heinlein alikuwa mgonjwa aliyeandika kuhusu wagonjwa, kwa hiyo kitanda chake bado kilikuwa cha tiba.

Mambo mawili, moja ni usingizi

Je, wajua kilichokitoa wodini kikakipeleka kwenye mzaha? Ni matangazo. Wauzaji wa miaka ya 1970 walisema kuna mambo mawili yanayonoga zaidi juu ya kitanda cha maji, na kwamba moja kati ya hayo ni usingizi. La pili waliliacha mteja alijaze mwenyewe. Hugh Hefner, mwenye jarida la *Playboy*, alikuwa na chake kilichofunikwa kwa manyoya ya mnyama posamu wa Tasmania.

Hapo ndipo kicheko kilipopata mlango. Mgonjwa akianguka, watu hukimbilia kumwinua. Mwenye majivuno akianguka, watu hucheka kwanza. Kitanda kilekile, kilipowekwa chini ya mtu anayetaka kuonekana hodari wa mapenzi, kilianza kumuumbua kwa kila kasoro kiliyokuwa nayo.

Baridi inayoingia mifupani

Kasoro ya kwanza ni joto. Maji hupitisha joto karibu mara 25 zaidi kuliko hewa, kwa hiyo maji ya kawaida ya bomba huunyonya mwili joto usiku kucha. Kitanda hakilaliki bila hita ya umeme chini ya mfuko, inayoyaweka maji kwenye nyuzi kama 30 za Selsiasi. Umeme ukikatika, bwana harusi hulala na koti. Kuna na kero nyingine: maji yasipotiwa dawa, viumbe vidogo huota ndani yake, na godoro huanza kunuka kama dimbwi.

Wimbi linalomrusha mwenzako

Kasoro ya pili ni mtikisiko. Mwili mzito unapokaa upande mmoja, husukuma maji kwenda upande wa pili, na maji hayo humwinua aliyelala huko. Kanuni hiyo ni ya Archimedes. Mchekeshaji alichohitaji ni mume mnene na mke mwembamba. Akigeuka bwana, bibi hupanda. Akiruka bwana kwa madaha, bibi hujikuta sakafuni.

Watengenezaji walitafuta dawa. Wengine waliugawa mfuko mara mbili, kila mtu na maji yake. Wengine walitia nyuzi za sufu bandia ndani ili kulizima wimbi. Dawa ilifanya kazi. Lakini kitanda kisichotikisika kilikaribiana sana na godoro la kawaida, na mteja akajiuliza kwa nini ahangaike na mpira wa maji.

Tani chumbani

Je, wajua kitanda hicho kina uzito gani? Piga hesabu mwenyewe. Mfuko wa upana wa mita 1.8, urefu wa mita 2 na kina cha sentimita 23 hubeba lita zipatazo 830, na kila lita ni kilo moja. Kabla hujapanda wewe, umekwisha kuweka kilo 830 juu ya sakafu ya ghorofa. Usisahau kwamba chini kuna jirani, naye ana dari.

Wenye nyumba wa Marekani walianza kukipiga marufuku ndani ya mikataba ya upangaji. Jimbo la California likatunga sheria. Huko, jengo lililopata kibali cha kukaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1973 haliwezi kumkataa mpangaji kwa sababu tu ana kitanda cha maji, ila mwenye nyumba anaweza kumdai bima ya hadi dola 100,000. Mpangaji naye anatakiwa kutoa notisi ya maandishi ya saa 24 kabla ya kukiingiza, kukisogeza au kukiondoa. Bunge zima lilikaa kujadili kitanda, na sheria hiyo ingali ipo.

Mikasi, Freddy na lori lisilo na mafuta

Je, wajua filamu zilizokifanya kitanda hiki kisahaulike kwa shida? Ya kwanza ni *Edward Scissorhands* ya mwaka 1990, ya Tim Burton. Kijana mpole mwenye mikasi badala ya vidole, aliyeigizwa na Johnny Depp, anapewa chumba cha binti wa nyumba, na kitanda cha binti huyo ni cha maji. Hata mtoto mdogo anaona kitakachofuata. Burton hakuhitaji maneno, maana vinili na ncha ya mkasi haviwezi kukaa chumba kimoja kwa amani.

Ya pili inakigeuza kicheko kuwa kiwewe. Katika sehemu ya nne ya *A Nightmare on Elm Street*, iliyotoka mwaka 1988, kijana Joey anamwona msichana mrembo akiogelea ndani ya godoro lake. Anayetoka humo ni Freddy Krueger, muuaji wa filamu hizo, na mama anakuja kumkuta mwanawe amekufa ndani ya mfuko wa maji.

Ya tatu ndiyo iliyozama zaidi katika biashara yenyewe: *Licorice Pizza* ya Paul Thomas Anderson, ya mwaka 2021. Inatupeleka bonde la San Fernando, California, mwaka 1973. Gary, mvulana wa miaka 15 mwenye ulimi wa dalali, anafungua duka la vitanda vya maji. Kisa hicho kimetokana na maisha ya Gary Goetzman, aliyeuza vitanda hivyo ujanani na baadaye akawa mtayarishaji filamu mkubwa pamoja na Tom Hanks. Goetzman ndiye aliyepeleka kitanda kwa Jon Peters, msusi aliyekuwa mpenzi wa mwimbaji Barbra Streisand. Kwenye filamu, Peters anaigizwa na Bradley Cooper kama mtu wa hasira za ghafla. Anawatisha vijana waliomletea mzigo. Nao wanamwachia mpira ukimwaga maji nyumbani kwake na kukimbia. Njiani lori linaishiwa mafuta, na Alana, mshirika wa Gary, analiteremsha mlimani kinyumenyume, injini imezima.

Mafuta yanaadimika kwa sababu ya kweli: Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zilisitisha kuiuzia Marekani mafuta. Pigo lilikuwa la pande mbili. Lori halikupata petroli, na vinili ya godoro nayo hutengenezwa kwa mafuta hayohayo. Biashara ya maji ya Gary ilikauka kwa kukosa mafuta.

Kilele na mteremko

Je, wajua kwamba mwaka 1987 vitanda vya maji vilifikia takribani asilimia 22 ya magodoro yote yaliyouzwa Marekani? Karibu mnunuzi mmoja kati ya watano alirudi nyumbani na mfuko wa kujaza maji. Mteremko ulikuwa wa haraka. Huko Florida, duka lililoanza mwaka 1971 kwa jina la Waterbed City lilibadili jina mwaka 1994 likawa City Furniture, na kugeukia samani za kawaida. Hall mwenyewe hakuyaacha maji: alitengeneza mfuko wa kuogea wa wapiga kambi unaopashwa moto na jua, na mwaka 2018, akiwa na mmoja wa wenye duka hilo la Florida, alirudi tena sokoni na kitanda cha maji kipya.

Wateja wasiolalamika

Je, wajua nani anakilalia leo bila kuchekwa? Ng'ombe. Kwenye mazizi ya maziwa ya Marekani na nchi nyingine hutandikwa mifuko ya maji ya mpira mzito. Ng'ombe wa maziwa hulala saa kama 12 kwa siku, na anapoteremka hutanguliza magoti. Maji humpunguzia michubuko. Anayelala vizuri hucheua vizuri, na maziwa hayapungui.

Watoto njiti nao waliwahi kukilalia. Mwaka 1975 Anneliese Korner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti uliowalaza watoto waliozaliwa kabla ya wakati juu ya magodoro ya maji yanayotikisika taratibu. Watoto hao walipata vipindi vichache zaidi vya kusita kupumua. Mtikisiko uliowaangusha wapenzi wa filamu uliwasaidia wachanga kuvuta pumzi.

Hukumu

Kwa hiyo kitanda cha maji hakikuwa kitu cha kipuuzi. Kilipelekwa tu kwa watu wasiokihitaji. Hoja ya Arnott ya mwaka 1832 ingali hai: kinachoua ngozi ya mgonjwa ni mbano wa mahali pamoja kwa muda mrefu. Nawe unayeuguza mzee au mgonjwa wa kupooza nyumbani, usitegemee glavu zilizojazwa maji chini ya visigino, kwani miongozo ya kimataifa ya kuzuia vidonda hivyo inazikataza. Inua visigino vyake visiguse kitanda kwa kuweka mto chini ya mashavu ya miguu, mgeuze upande takribani kila baada ya saa mbili, mkaushe anapolowa, na ukiona wekundu au weusi usioondoka kwenye ngozi, mwite muuguzi siku hiyohiyo.