Kununua Chombo cha Kuvulia Baharini: Mambo ya Kujua Kabla ya Kutoa Fedha Zako

Wakulima wengi wa pwani, tangu Vanga mpaka Lamu, wana mguu mmoja shambani na mguu mmoja majini. Nazi zikishaangushwa na korosho zikishauzwa, mtu hushika fedha mkononi, akatazama baharini, akasema, "Mwaka huu nitanunua chombo changu mwenyewe. Nimechoka kuvua katika chombo cha mtu."

Hilo ni wazo jema. Lakini yafaa ujue ya kuwa chombo ni kama ng'ombe wa maziwa. Hutaka kulishwa, hutaka kutibiwa, na hutaka kutazamwa kila siku. Tena kuna tofauti moja kubwa: ng'ombe mbovu hufa peke yake, lakini chombo kibovu huweza kufa pamoja na watu wake. Kwa hiyo soma maneno haya polepole kabla hujafungua mfuko.

CHAGUA CHOMBO KWA MAHALI UTAKAPOVUA

Usiulize kwanza, "Chombo gani ni kizuri?" Uliza, "Nitavua wapi, na pamoja na nani?"

Mtumbwi, uliochongwa katika gogo moja kama la mwembe, wafaa mtu mmoja au wawili. Huendeshwa kwa kafi au upondo, na kazi yake ni ndani ya mwamba na katika mikono ya bahari, mahali pa tafi, pono na changu. Bei yake ni ndogo na utunzaji wake si mzito. Usiutoe nje ya mwamba.

Ngalawa ni mtumbwi uliotiwa matengo ubavuni ili usipinduke, na huchukua tanga. Huenda mbali kuliko mtumbwi, lakini nafasi ya kuwekea nyavu na samaki ni ndogo.

Dau hujengwa kwa mbao, nalo limechongoka omo na tezi. Huenda vizuri katika maji machache, na hupandishwa pwani bila taabu nyingi.

Mashua ni kubwa zaidi. Ina mkuku, mataruma, mlingoti, na tezi iliyokatwa. Huchukua mabaharia wanne, watano au zaidi, na ikiwa na nahodha mjuzi huweza kutoka nje ya mwamba kutafuta nguru, jodari na kolekole. Lakini mashua hutaka watu wengi, nyavu nyingi na matengenezo mengi.

Siku hizi ziko pia boti za faiba. Haziliwi na mdudu wala hazifunguki viungo kwa jua, ila bei yake ni kubwa, na zikipasuka zataka fundi wake na dawa yake.

Ikiwa hujapata kuwa nahodha, anza na chombo kidogo. Mtu aliyezoea jembe hapewi trekta siku ya kwanza.

WAKATI WA KUNUNUA

Bahari yetu ina misimu miwili. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba mpaka Machi, na bahari huwa tulivu kiasi cha vyombo vidogo kwenda mbali. Kusi huanza karibu na Aprili na kuendelea mpaka Septemba au Oktoba. Upepo huwa mkali, mawimbi makubwa, na wavuvi wengi hubaki ndani ya mwamba.

Usingojee Desemba ndipo uanze kutafuta chombo, kwa kuwa wakati huo kila mwenye chombo chema yuko kazini nacho. Tafuta kusi inapoelekea mwisho. Ndipo utakapopata nafasi ya kukikagua, kukitia kalafati na kukipaka mafuta, kiwe tayari kaskazi ikiingia.

JINSI YA KUKAGUA CHOMBO KIKUUKUU

Usikitazame chombo kikiwa majini tu. Rangi mpya huficha mengi. Mwambie mwenyewe akipandishe pwani wakati wa bamvua, maji yakupwe, ukizunguke chote. Nenda na fundi wa vyombo usiyemjua muuzaji kuwa ni rafiki yake, ukamlipe kwa kazi hiyo. Ujira wake ni mdogo kuliko hasara utakayopata ukinunua bila yeye. Kisha fanyeni haya:

1. Chukua kisu chembamba ukichome mbao karibu na mkuku, chini ya mataruma, na mahali maji ya ngama yanapokaa. Kisu kikizama kama katika muhogo uliochemshwa, mbao hizo zimeoza.

2. Tafuta matundu madogo madogo. Yuko mdudu wa baharini anayetoboa mbao kwa ndani. Nje utaona tundu la sindano, lakini ndani ubao umekuwa kama sega la nyuki. Gonga kwa kishikio cha kisu. Ubao mzima hulia kwa nguvu, ubao ulioliwa hulia kama debe tupu.

3. Tazama misumari. Ikiwa pana michirizi ya kutu kila msumari, jua misumari imelika, na mbao zaweza kuachana siku ya mawimbi.

4. Tazama viungo vya mbao. Pamba ya kalafati ikiwa inatoka, si aibu, yaweza kutiwa upya. Lakini uliza ni mara ngapi kwa siku hufuliwa ngama.

5. Simama tezini, utazame mpaka omo kwa jicho moja. Mkuku uliopinda ni ugonjwa usio na dawa ya bei ndogo.

6. Tazama mlingoti, foromali, tanga, usukani na amari. Muuzaji akisema, "Vyote vimo katika bei," vihesabu kimoja kimoja mbele ya mashahidi.

Baadaye kishusheni majini, mkae ndani saa mbili au tatu mkiwa na mzigo. Chombo kilichokaa juani muda mrefu huvuja mwanzoni, kisha mbao hufura na kujifunga. Kikizidi kuvuja baada ya siku mbili au tatu za kukaa majini, usikubali hadithi.

Ukitaka chombo kipya, mafundi wako katika miji mingi ya pwani, na Matondoni katika kisiwa cha Lamu ni mahali panapojulikana sana kwa kazi hiyo. Patana na fundi juu ya urefu, aina ya mbao, na misumari iliyopakwa zinki. Lipa kwa mafungu kadiri kazi inavyokwenda, wala usilipe yote kabla mkuku haujalazwa.

HATI NA LESENI

Kwa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2016, chombo cha kuvulia chatakiwa kiandikishwe na kiwe na leseni, na mvuvi pia awe na leseni yake. Nenda kwanza kwa Kamati ya Usimamizi wa Ufuo, inayoitwa BMU, katika diko utakalotumia. Kamati hizo zilipewa kanuni zake mwaka 2007. Waulize, Je, chombo hiki ni cha nani kweli? Kina deni? Kimepata kukamatwa? Kisha andikeni hati ya kuuziana, yenye alama na namba ya chombo, bei, tarehe na mashahidi. Afisa wa Uvuvi atakuonyesha njia ya kuandikisha jina lako. Watu wengi hudharau karatasi, kisha muuzaji hufariki, na warithi huja kudai chombo.

Ujue vile vile mahali na zana zilizokatazwa. Katika mbuga za baharini, kama Kisite, Watamu na Malindi, hakuna ruhusa kuvua kabisa. Mbili hizo za mwisho zimehifadhiwa tangu 1968. Juya la kukokota na bunduki ya mshale zilipigwa marufuku mwaka 2001, na nyavu za nailoni ya uzi mmoja pia hazina ruhusa. Muuzaji akikupa juya "kama zawadi" juu ya chombo, amekupa kesi.

USIMALIZE FEDHA ZOTE KWA CHOMBO

Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Chombo bila zana ni ubao unaoelea. Tuseme una Sh. 200,000. Hizi si bei za soko, ni mfano wa kugawa tu:

Chombo: Sh. 110,000
Kalafati, mafuta na matengenezo: Sh. 20,000
Nyavu, mishipi, ndoana na malema: Sh. 45,000
Leseni na vitu vya usalama: Sh. 10,000
Akiba: Sh. 15,000

Ukiona fedha hazitoshi, punguza ukubwa wa chombo. Usipunguze akiba wala vitu vya usalama. Mashine ya kutundika tezini iache kwanza. Hula petroli hata siku ambayo hukupata samaki, bali upepo haudai shilingi. Ukishaweka akiba ya msimu mzima, ndipo uifikirie.

Pia jihadhari na tajiri wa samaki atakayekwambia, "Chukua chombo, utanilipa kidogo kidogo kwa samaki." Uliza kwanza, bei ya samaki itakuwa ya nani? Mara nyingi itakuwa yake. Mvuvi wa namna hiyo huona wenzake wakiuza kwa mchuuzi mwingine au kwa mama karanga kwa bei njema, naye hana ruhusa. Afadhali mtumbwi ulio wako kuliko mashua yenye kamba shingoni mwako. Ukihitaji mkopo, jiunge na chama cha akiba na mikopo, na riba iandikwe.

HESABU YA MAFUNGU

Desturi ya pwani ni kugawa mapato kwa mafungu baada ya kutoa gharama. Tuseme samaki wameuzwa Sh. 9,000, na chambo, barafu na chakula vilikuwa Sh. 1,800. Zimebaki Sh. 7,200. Mabaharia ni wanne, chombo kina fungu moja, na zana fungu moja. Jumla mafungu sita. Kila fungu ni Sh. 1,200.

Ikiwa nawe ni mmoja wa wale wanne, utashika Sh. 3,600. Usidhani zote ni za kula. Sh. 1,200 ndizo za jasho lako. Zilizobaki ni za chombo na za zana. Zipeleke benki au chamani siku ile ile. Ukitoka siku 12 kwa mwezi, fungu la chombo ni Sh. 14,400, na zile Sh. 130,000 za kununua na kutengeneza zitarudi kwa miezi tisa hivi. Lakini hiyo ni hesabu ya siku njema tupu. Ziko siku za kurudi na ndoo tupu, na kusi itakuzuia pwani. Hesabu mwaka mmoja na nusu au miwili, ndipo useme chombo kimejilipa.

SIKU ZA KWANZA MAJINI

Mchukue mzee anayejua mwamba wenu, umpe fungu lake kwa heshima, ujifunze mlango wa kutokea na wa kurudia. Jifunze maji. Wakati wa mwezi mpevu na mwezi mwandamo huwa bamvua, na bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu na saa 4 asubuhi na saa 4 usiku, na kila siku inayofuata huchelewa kadiri ya dakika 50. Asiyejua hesabu hiyo hupwelewa juu ya mwamba na mkuku wake ukavunjika.

Kila safari chukua jaketi la kuelea kwa kila mtu, maji ya kunywa, makasia ya akiba, upo wa kufulia ngama, nanga na amari ndefu, kisu, tochi, filimbi, na simu iliyofungwa ndani ya mfuko usioingia maji. Chukua pia pamba na sifa kidogo kwa ajili ya tundu la ghafula. Sikiliza habari za hali ya hewa kabla ya kutoka. Mwambie mtu wa nyumbani unakwenda wapi na utarudi saa ngapi. Chombo kikipinduka, usikiache ukaogelea. Chombo cha mbao huelea, na watafutaji hukiona upesi kuliko kichwa cha mtu.

KITUNZE CHOMBO CHAKO

Kila bamvua ukipata nafasi, kipandishe pwani. Paruza majani na makome yaliyoganda chini, kipitishie moto wa makuti kwa uangalifu ili kuua mdudu, kisha kipake deheni ya mafuta na chokaa. Sehemu za juu zipake sifa. Osha nyavu kwa maji baridi na uzianike kivulini, maana jua kali huzila.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mvuvi asiyeziba ufa hapati hata nafasi ya kujenga. Anza kidogo, lipa ulicho nacho, weka fungu la chombo mbali na fungu la tumbo, na umwone Afisa wa Uvuvi wa karibu nawe kabla ya kununua, wala si baada ya hasara.