Mkono wa Gia Ukiwa wa Moto

Msimu wa pamba ukifika huku kwetu Shinyanga magari huwa mengi vijijini. Malori hupanga foleni mbele ya ghala. Mengine husubiri tangu asubuhi mpaka jioni. Mvua hakuna, jua ni kali, na mti wenye kivuli ni mmoja tu, nao umejaa watu. Dereva akiitwa asogeze lori lake hupanda haraka, huwasha injini, kisha hushika mkono wa gia. Mara huuachia kwa kelele. Kiganja kimeungua.

Huenda wewe huna lori. Lakini huenda unaendesha trekta, au kijana wako ni utingo. Trekta nyingi hazina paa. Mikono yake ya gia ni chuma, na kazi yake ni kukaa juani kutwa.

Watu wengi hucheka jambo hili. Wanasema dereva gani huyo anaogopa joto. Mimi sicheki. Fikiri lori limebeba pamba na linateremka mlima. Dereva anataka kuingiza gia ndogo ili gari lipunguze mwendo. Amekanyaga klachi, ametoa gia, halafu mkono unashtuka kwa moto na kuachia. Sasa lori liko huru, halina gia, na mzigo unalisukuma. Juu ya mzigo wamekaa watu.

Kwa nini chuma kinaunguza namna hii? Ninyi wakulima mnajua jibu. Acha jembe shambani tangu asubuhi, ulichukue saa nane mchana. Mpini unashikika. Shika bapa la chuma uone. Jua lililopiga ni lile lile. Tofauti ni kwamba chuma hupitisha joto upesi na kulimwaga lote mkononi mwako. Mti hulitoa polepole. Ndiyo sababu mama hukoroga ugali kwa mwiko wa mti. Basi mkono wa gia wenye kichwa cha chuma kitupu ni kama bapa la jembe. Wenye kichwa cha mti, cha ngozi au cha plastiki ni kama mpini.

Chuma kikifika joto la nyuzi 51 za Selsiasi, kitakuunguza ukikishika kwa dakika moja hivi. Kikifika nyuzi 70, sekunde moja yatosha. Hata huwahi kusema "aa".

Wako watu ambao hawasemi "aa" kabisa. Mtu mwenye ukoma au mwenye kisukari cha siku nyingi anaweza kuwa na ganzi mikononi. Yeye hushika chuma cha moto na kuendelea na safari. Jioni ndipo anaona malengelenge. Kama mkono wako una ganzi, usiuamini ukupimie joto. Tazama kwa macho, na funika chuma kabla ya kukishika. Tena njoo zahanati upimwe, kwa maana ukoma una dawa, na dawa hiyo hutolewa bure.

Sasa tufanye nini? Fundi cherehani anaweza kukushonea kifuko cha turubai au cha suruali kuukuu ya jinzi. Kivalishwe kwenye kichwa cha gia na kufungwa kwa nguvu. Kipande cha ngozi ni kizuri zaidi. Wengine huzungushia mpira wa ndani wa baiskeli, nao hushikika vizuri. Jambo kubwa ni kwamba kitu hicho kisizunguke wala kuteleza. Mfuko wa nailoni usiutumie hata kidogo, kwa sababu jasho likiingia mkono utateleza. Kama una fedha kidogo, nunua kichwa cha plastiki, ufunge mpaka kikaze.

Ukisimamisha gari, geuza kichwa chake ili jua lisipige ndani kupitia kioo cha mbele. Funika usukani na mkono wa gia kwa kitambaa cheupe au kanga. Ukirudi, fungua milango yote miwili kwanza, upepo upite. Ukiona chuma bado ni cha moto, kifute kwa kitambaa kilicholowa maji, kisha kikaushe. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Karani wa ghala atasubiri.

Hapa niseme neno moja juu ya watoto. Mwaka 2005 madaktari wa Marekani walitangaza vipimo vya gari lililofungwa na kuachwa juani. Kwa saa moja joto la ndani liliongezeka kwa nyuzi 22 hivi, na sehemu kubwa ya joto hilo iliongezeka katika nusu saa ya kwanza. Kufungua dirisha kidogo hakukusaidia sana. Gari linalochoma kiganja chako linaweza kumuua mtoto aliyelala ndani. Shuka naye, hata kama unakwenda kununua kiberiti tu.

Lakini kuna moto mwingine usiotoka juani. Ukiona mkono wa gia unapata moto usiku, au gari likiwa kivulini, au baada ya kwenda mwendo mrefu, jua kwamba joto linatoka chini. Inama utazame pale mkono unapoingia sakafuni. Pana mpira unaoziba tundu. Mara nyingi mpira huo umepasuka, na joto la injini na giaboksi linapanda hadi ndani. Pengine oili ya giaboksi imepungua. Hayo ni ya fundi.

Yangu mimi ni moshi. Tundu linalopitisha joto hupitisha pia moshi, hasa kama bomba la moshi limetoboka. Ndani ya moshi huo mna hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Kama watu wawili mlioketi mbele mnaumwa kichwa pamoja, msiseme ni malaria. Simamisheni gari, zimeni injini, shukeni mpate hewa safi, kisha mwende kwa mganga. Msiendelee na safari mpaka tundu limezibwa na bomba limetengenezwa.

Na kama mtu ameshaungua? Madereva hufika zahanati wamepaka dawa ya meno, grisi, majivu, hata yai. Vitu hivyo havipozi. Vinaingiza uchafu, nasi tunalazimika kuvisugua kwenye kidonda, na mgonjwa analia mara ya pili. Dawa ya kwanza ni maji safi ya baridi. Vua pete kabla vidole havijavimba. Mwagia maji polepole kwa dakika 20. Ndiyo, 20, siyo mbili. Kama maji ni haba, tumbukiza mkono katika beseni safi. Hata kama saa mbili zimepita tangu aungue, maji bado yanasaidia. Barafu usitumie. Basi beba dumu la maji ndani ya gari, uliweke chini ya kiti, maana dumu la juani nalo linapika. Maji ya rejeta yenye dawa si ya kidonda.

Malengelenge usiyapasue. Funika kwa kitambaa safi kilichofuliwa na kupigwa pasi, ukitenga kidole na kidole ili visigandamane. Inua mkono juu ya moyo. Kisha njoo zahanati, kwa sababu kuungua kiganja si jambo dogo hata kama doa ni dogo. Tutauliza kama umepata sindano ya pepopunda.

Kidonda kikianza kupona, ngozi ya kiganja hujikunja. Mtu akiulinda mkono kwa kuukunja siku zote, mwisho hauwezi kufunguka, wala hataweza kushika jembe sawasawa. Anyooshe vidole mara nyingi kila siku kama tutakavyomwonyesha. Akishindwa kunyoosha hata kidole kimoja arudi upesi, kabla ngozi haijakaza.